Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tunaosafiri nje kutafuta mtoto tunahitaji ulinzi wa nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu Watanzania wanaokwenda nje ya nchi, hasa India, kufanyiwa upandikizaji mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kurudishwa kwenye kizazi. Mimi na mume wangu tulikwenda huko na Mwenyezi Mungu akatujalia mtoto, kwa hiyo siandiki kupinga safari hizo wala kuwalaumu madaktari waliotuhudumia. Jambo linalonisumbua ni kwamba mgonjwa anayepelekwa India kwa rufaa ya Serikali huondoka akiwa na taarifa zake za matibabu, na akirudi yupo daktari wa kumpokea, wakati sisi huondoka kimya kimya, tukiongozwa na wakala tuliyempata kwa simu, na tukirudi hakuna hospitali inayojua tulifanyiwa nini. Ombi langu ni Wizara iwe nasi kabla ya safari na baada yake, na sheria za nchi zimtambue waziwazi mtoto tunayerudi naye.

Hatuko wachache. Mwezi Aprili 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani, yaani asilimia 17.5, hupitia tatizo la ugumba katika maisha yake. Katika nchi zetu za Afrika, mojawapo ya sababu kubwa ni mirija ya uzazi kuziba kutokana na maambukizi kama klamidia na kisonono ambayo hayakutibiwa mapema, au maambukizi yanayofuata uzazi na mimba kuharibika. Upandikizaji ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo: mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hii, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, mama yake alikuwa na mirija iliyoziba.

Naomba nianzie kwa mwanamume, kwa sababu hapo ndipo fedha na miaka ya watu wengi hupotea. Nimewafahamu wanawake waliokunywa kila dawa ya kusafisha kizazi na kila mzizi wa kuzibua mirija, wakavumilia maneno ya mawifi na mama wakwe, wakafika hadi kukata tiketi, na muda wote huo mume hajawahi kupima mbegu. Kipimo hicho hakihitaji kisu wala kulazwa, na majibu yake hubadilisha mpango mzima wa matibabu, kwa kuwa mbegu zikiwa chache au dhaifu, daktari anaweza kuchukua mbegu moja na kuiingiza moja kwa moja ndani ya yai, njia ambayo imetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wizara ikitoa mwongozo kwamba katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa anayelalamikia ugumba apimwe pamoja na mwenzi wake, na kwamba majibu ya mirija, homoni na mbegu waandikiwe katika muhtasari mmoja wa kusafiri nao, wengine watagundua kwamba hawahitaji kusafiri kabisa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi nzuri ya kulitekeleza hilo. Siombi kitita cha mwanzo cha huduma za bima hiyo kigharimie upandikizaji, maana najua mahitaji ya nchi yalivyo mengi. Naomba kigharimie uchunguzi wa wote wawili.

Kurudi nyumbani nako kuna hatari zake. Mwanamke huchomwa sindano za kukuza mayai kwa takriban siku 10 hadi 14, mayai huvunwa na kurutubishwa maabara, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, hurudishwa kwenye kizazi baada ya siku tatu hadi tano, na kipimo cha mimba hufanyika wiki mbili hivi baadaye. Kwa kuwa viza na chumba cha kupanga vinagharimu, wengi hupanda ndege kabla ya kipimo hicho. Siku hizo ndizo tumbo linaweza kujaa maji na pumzi kubana kutokana na sindano zile, na muuguzi wa zamu asiyeambiwa historia anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine kabisa. Mimba inaweza pia kutunga nje ya kizazi, hata kama ilipandikizwa na daktari bingwa. Zipo dawa za homoni zinazopaswa kuendelea kwa wiki kadhaa bila kukatika, na nyingine hazipatikani kirahisi katika maduka ya dawa ya mikoani. Nilipoanza kliniki, niliyoyasema kuhusu matibabu yangu hayakuandikwa popote kwenye kadi. Simlaumu mhudumu yule, kwani hakuna aliyemwelekeza cha kuandika.

Kuna pia suala la idadi ya viinitete. Mtu aliyeuza kiwanja ili asafiri hushawishika kirahisi akiambiwa arudishiwe viwili au vitatu kwa mpigo, wala haelezwi vya kutosha kwamba mapacha watatu mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati. Uswidi iliamua tangu mwaka 2003 kwamba kurudisha kiinitete kimoja ndiyo iwe kawaida. Sisi hatuwezi kuziamulia kliniki za Chennai au Mumbai, lakini uamuzi unaofanyika huko huja kubebwa na wodi zetu za watoto njiti, na kijitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na Wizara kingemsaidia mgonjwa kuuliza maswali kabla hajatia saini fomu za Kiingereza asizozielewa.

Mheshimiwa Waziri, linaloniogopesha kuliko yote ni sheria. India ilitunga sheria ya teknolojia za uzazi mwaka 2021, na sheria hiyo inatamka kwamba mtoto anayezaliwa kwa njia hii ni mtoto wa wenzi waliotafuta huduma, hata kama yai au mbegu ilitoka kwa mchangiaji. Ulinzi huo hauvuki bahari. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inairuhusu mahakama kuagiza vipimo pale uzazi unapobishaniwa. Fikiria mjane aliyembeba na kumzaa mtoto kutokana na yai la mchangiaji, halafu ndugu wa marehemu wakataka vinasaba vipimwe katika shauri la mirathi: kipimo kitasema yeye si mama. Vivyo hivyo kwa viinitete vilivyogandishwa ng'ambo, ambavyo vinaweza kukaa miaka mingi. Mume akifa au ndoa ikivunjika, ni nani mwenye kauli? Maswali haya yanawahusu pia wanaohudumiwa katika kliniki binafsi za hapa nchini, na hatua ya Hospitali ya Taifa Muhimbili kuingia katika huduma hii, ambayo tumeipokea kwa furaha, itayaongeza.

Nchi hii imeonyesha inaweza. Upasuaji wa moyo uliokuwa ukifuatwa India sasa hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na figo zinapandikizwa Muhimbili tangu mwaka 2017. Kwa hiyo naomba Wizara yako itueleze hadharani kama inaandaa muswada wa sheria ya teknolojia za uzazi, na lini utafikishwa bungeni. Wakati tukiusubiri, mwongozo wa uchunguzi na utaratibu wa kuwapokea wanaorudi hauhitaji Bunge. Waraka wa Wizara unatosha. Mimi na wanandoa wengine niliowafahamu katika safari hii tuko tayari kufika Dodoma kuwaeleza wataalamu wako tuliyoyapitia, mradi majina yetu yahifadhiwe kwa ajili ya watoto wetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto mmoja,
Mwanza