Mtihani wa uhazili upime kazi ya mezani

Mhariri,

Vyuo vingi vya uhazili na uendeshaji wa ofisi bado vinampima mwanafunzi kwa kasi ya kupiga chapa: maneno 50 kwa dakika, amefaulu. Kasi inafaa, ila malalamiko ya waajiri yako kwingine kabisa.

Mhitimu hupewa orodha ya watu 300 kwenye lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel). Akipanga safu ya majina peke yake kwa alfabeti bila kuchagua jedwali zima, majina huangukia namba za simu za watu wengine. Asipoiweka safu ya namba katika muundo wa matini (maandishi, si tarakimu za kukokotoa), programu huondoa sifuri ya mwanzo. Makosa haya ni hatari kwa sababu hayaonekani: ukurasa ni safi, idadi imetimia, na hugundulika ujumbe ukiwa umeshatumwa.

Kwenye muhtasari wa kikao, wengi huandika nani kasema nini. Mwenyekiti anahitaji azimio, mtekelezaji na tarehe ya kukamilisha, tena ndani ya saa 24, wajumbe wangali wanakumbuka. Darasa lipewe rekodi ya kikao cha dakika 40, wazungumzaji wakikatizana, lidaiwe ukurasa mmoja tu.

Majina ya mafaili nayo ni somo la dakika tano linalorukwa. Jina likianza na mwaka, mwezi, kisha siku, mfano 2025-03-07, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Likianza na siku, barua ya Machi hukaa jirani na ya Juni.

Walimu hufundisha kinachotahiniwa, kwa hiyo tuanzie kwenye mtihani. Uwe wa saa tatu, mbele ya kompyuta: barua pepe 25 ambazo hazijasomwa, mbili zinaomba miadi saa ileile, moja ina kiambatisho cha kutilia shaka, nyingine inataka taarifa za siri za mfanyakazi. Mtahiniwa aamue ipi aijibu, ipi aipeleke kwa mkuu wake, ipi asiifungue. Nusu ya alama iwe ya uamuzi huo, na maswali yatungwe pamoja na waajiri wanaopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Fomu ya tathmini ya mafunzo hayo nayo ibadilike. "Nidhamu: nzuri" haimwambii mwalimu lolote. Msimamizi aorodheshe kazi ambazo mwanafunzi alizimaliza bila msaada na zile zilizorudiwa, kisha fomu ifike kwa mwalimu wa somo kabla ya muhula unaofuata.

Mkufunzi wa uhazili