Mada ya Februari isisubiri kambi ya Agosti

Mhariri,

Kila inapokaribia mitihani ya Darasa la Saba na Kidato cha Nne, shule nyingi za hapa Dodoma, za jijini na za wilayani, huandaa kambi. Wazazi huchanga mahindi, maharage na fedha ya mpishi, wanafunzi hulala shuleni, na mada za mwaka mzima, pengine za miaka miwili, hupitiwa upya ndani ya wiki chache. Walimu wanaokesha kwenye kambi hizo wanastahili heshima. Hata hivyo, kazi wanayoibeba usiku ilipaswa kufanywa kidogo kidogo tangu Februari. Ninachoomba ni kwamba dakika tano za mwanzo wa kila kipindi zitumike kumtaka mwanafunzi akumbuke mwenyewe alichofundishwa nyuma, daftari likiwa limefungwa.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kuwa sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana, saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Aliona pia kuwa marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko marudio yale yale yakirundikwa pamoja. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena, wengine walijaribu kukiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliosoma tena waliongoza: walikumbuka asilimia 81 na wenzao 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na asilimia 42, waliojipima walikuwa na 56.

Matokeo hayo yanaeleza kwa nini kambi hutuvutia. Mwanafunzi aliyesomewa notisi leo usiku hujibu vizuri kesho asubuhi, na mwalimu na mzazi wote huridhika. Ni kweli kwamba kurundika kunaweza kumsaidia mtoto kwenye mtihani wa wiki hiyo hiyo, na sitaki kulikana hilo. Lakini mtoto huyo anatakiwa kuingia Kidato cha Kwanza Januari akiwa bado anajua kukokotoa sehemu.

Sasa nieleze utaratibu, maana ushauri wa jumla jumla haumsaidii mwalimu mwenye mkondo wa watoto 80. Andalio la somo tayari lina sehemu ya utangulizi, kwa hiyo muda upo. Kabla ya kipindi kuanza, mwalimu aandike ubaoni maswali manne mafupi. La kwanza litoke kwenye kipindi kilichopita, la pili wiki iliyopita, la tatu mwezi uliopita. La nne liwe la jambo ambalo somo la leo linalitegemea, hata kama lilifundishwa darasa la nyuma. Kama leo ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, swali la nne liwe kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 4 na 6. Asiyepata 12 hapo hatafuata somo la leo, na mwalimu atalijua hilo dakika ya tatu badala ya kulijua wakati wa kusahihisha madaftari.

Wanafunzi waandike majibu kimya kwa dakika tatu, kwenye kurasa za mwisho za daftari. Kisha wabadilishane na jirani wa dawati, mwalimu ataje majibu na kueleza kwa sentensi moja lile lililowashinda wengi. Kwa kila swali aombe waliokosa wanyooshe mikono. Wakizidi theluthi ya darasa, swali hilo lirudi kesho likiwa na tarakimu nyingine. Pale ambapo karatasi na kalamu ni shida, maswali yawe ya kuchagua A hadi D na kila mtoto aoneshe jibu kwa vidole, kimoja hadi vinne, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili jirani asichungulie. Mwalimu anaona darasa zima kwa kupitisha macho mara moja.

Utaratibu huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kuwachagua walionyoosha mikono tu: watoto watano hukumbuka, sabini na tano huwasikiliza tu wenzao wakikumbuka. Kuitikia kwa pamoja kuna kasoro hiyo hiyo, sauti ni kubwa lakini nusu wanafuata midomo ya wenzao. Kuna pia kuweka alama kwenye rejesta au kumwadhibu aliyekosa. Hofu ikiingia, mtoto hunakili kwa jirani, na zoezi zima hupoteza maana, kwa sababu faida iko kwenye jitihada ya kutafuta jibu kichwani. Mwalimu mwingine hutaja jibu kabla hata sekunde kumi hazijapita. Mwingine hasahihishi kabisa, na kosa lililoandikwa bila kurekebishwa huota mizizi. Lakini linaloua zoezi hili mara nyingi zaidi ni maswali kubaki ya jana tu, wiki baada ya wiki, hadi mada ya Februari isikike tena kambini.

Dawa yake ni daftari moja la mwalimu. Kila Ijumaa aandike maswali matatu ya wiki hiyo kwenye ukurasa wake wenye tarehe. Akitafuta maswali ya kipindi, afungue ukurasa wa wiki iliyopita, kisha arudi nyuma kurasa tatu au nne. Nafasi hiyo ina sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Nicholas Cepeda na wenzake, uliohusisha watu zaidi ya 1,000, ulionesha kuwa kwa jambo litakalopimwa wiki moja baadaye, kulirudia baada ya siku moja kunatosha. Kwa jambo litakalopimwa baada ya siku 350, nafasi iliyofaa zaidi ilikuwa kama wiki tatu. Wanafunzi wetu hupimwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo kurudia kesho yake peke yake hakutoshi.

Kwa hisabati kuna la ziada. Mazoezi ya vitabu vingi yamepangwa mada kwa mada. Ukurasa ukiwa na kichwa "Eneo la mstatili", mtoto hana la kuchagua, atazidisha tu kila anachokiona. Mtihani hauna vichwa hivyo. Mpe swali hili: shamba la zabibu la mstatili kule Hombolo lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. Waya wa kulizungushia mara moja ni mita ngapi? Samadi ikimwagwa ndoo moja kwa kila mita 4 za mraba, zinahitajika ndoo ngapi? Aliyefanya mazoezi yaliyochanganywa atatoa 130 kwa mzingo na ndoo 250 kutokana na eneo la mita za mraba 1,000. Aliyezoea mada moja moja atazidisha kote kuwili. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima jambo hili kwa maswali ya ujazo. Wakati wa mazoezi, waliofanya mada moja moja walipata asilimia 89 na waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walipata 20, wa pili 63. Mwalimu asipojua hili, ataona daftari za mchanganyiko zimejaa makosa, ataogopa na kurudia njia ya zamani.

Mada mpya kabisa isianze na mchanganyiko, maana akili hubeba vitu vichache tu vipya kwa wakati mmoja. Hapo kinachofaa ni mfano uliokokotolewa wote ubaoni: 3/4 + 1/6 ni 9/12 + 2/12, yaani 11/12. Mfano wa pili uachwe bila hatua ya mwisho, wa tatu bila hatua mbili, wa nne mtoto afanye wote. Atakayeandika 4/10 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwulize kama 4/10 ni kubwa au ndogo kuliko 3/4 aliyoanza nayo, ataliona kosa mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo ya akili kubeba machache, kunakili ubao mzima huku mwalimu akieleza hakufai. Mtoto hufanya moja tu kati ya hayo mawili, kwa kawaida kunakili.

Kuna fundisho linalosambaa kwenye semina kwamba wanafunzi wagawanywe kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kila kundi lifundishwe kivyake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za madai hayo na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuyatumia darasani. Ramani ya mkoa wa Dodoma itaoneshwa kwa macho kwa kila mtoto, na shairi litasikika kwa kila mtoto. Kinachotofautisha watoto kwa uzito zaidi ni wanachokijua tayari, pamoja na lugha. Kidato cha Kwanza mtoto aliyesoma kwa Kiswahili, na pengine nyumbani huzungumza Kigogo, hukutana na usanisinuru kwa Kiingereza siku ya kwanza. Apewe maneno sita ya mada kabla ya mada yenyewe, wazo alieleze kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha maneno hayo sita yaingie kwenye maswali manne ya kila kipindi hadi ayaandike bila kuchungulia.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na walimu wa taaluma ni dogo. Mtihani wa mwezi upangwe ili theluthi ya maswali itoke kwenye mada zilizokwisha kufundishwa miezi ya nyuma, na wanafunzi watangaziwe hivyo mwanzoni mwa muhula. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni vitumike kutunga na kubadilishana maswali hayo kwa somo, ili mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki asiyatunge peke yake. Na mzazi asiyejua somo lenyewe anaweza kulichukua daftari la mwanawe jioni, alifunge, na kumwambia: "Nieleze ulichojifunza wiki iliyopita."

Mkufunzi wa walimu,
Dodoma