Somo yangu, eti Asha ni jina la kizee

Ngamiani, Tanga
Ijumaa, alasiri

Somo yangu Aisha,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Umecheka? Mwalimu wetu wa darasa la nne angenipa kumi juu ya kumi. Najua ni miezi minane sijakuandikia, na simu yako ya Idi sikuipokea. Hayo nitajieleza siku nyingine. Leo nina kisa, na nisipokitoa nitapasuka.

Zainabu kajifungua. Mtoto wa kike, kilo 3 na robo, mama na mwana wazima, Alhamdulillahi. Nilikwenda Dar es Salaam kumkanda, nimerudi juzi na mgongo unaniuma na moyo unaniuma zaidi.

Siku ya akika mtoto kanyolewa, mbuzi kaliwa, mkwe wangu akasimama akasema mtoto kapewa jina la bibi yake. Vigelegele! Mimi nimeinama, machozi yananilenga, nawaza nimepata somo wa pili duniani baada yako. Jioni nikachukua kadi ya kliniki niangalie tarehe ya chanjo. Nakuta pameandikwa AYESHA. Nikadhani muuguzi kakosea. Nikamwambia Zainabu, mwanangu, jina wamelikosea hapa. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyevaa nguo ndani nje, akasema: "Hawajakosea, Mama. Ndiyo Asha hiyo hiyo, ila Asha ni jina la kizee."

La kizee! Mimi nina miaka 58, somo, meno yangu yote ninayo.

Mkwe naye akaona atie neno. Eti Asha halina maana, limeharibika, asili yake ni Aisha. Nikamuuliza, basi mbona hamkuandika Aisha? Akasema Ayesha ndilo linakaa vizuri kwenye karatasi. Yaani langu limeharibika, lako wewe la kawaida mno, hilo la tatu ndilo lenye sura.

Nikanyamaza. Unanijua nikinyamaza.

Nimefika Tanga, hata begi sijafungua, nikaenda kwa Maalim. Yuko vile vile, ni macho tu yamepungua. Nikamwambia, Maalim, nieleze jina langu kama unavyomweleza mtoto wa chuoni. Akachukua kalamu akaandika: ain, alif, hamza, shin, na te marbuta. Maana yake mwenye kuishi, aliye hai. Umbo lake ni lile lile la Salima na Hafidha, mwanamke mwenye kutenda jambo. Kisha akaniuliza: "Ukisema maisha, ukisema naishi Ngamiani, unadhani maneno hayo umeyatoa wapi? Mzizi wake ni huo huo wa jina lako." Somo, nimelibeba jina hili tangu kuzaliwa na sikuwahi kuliona. Kumbe kila anayelalamika kuwa maisha magumu ananisema mimi!

Na wale wavulana waliokuwa wakituimbia "Asha kaisha" wakati wa mapumziko, ile kuisha yao nimeuliza pia. Haihusiani kabisa, ni Kibantu chetu. Wala sala ya isha haimo, hiyo ina mzizi wake mwingine. Wangejua mapema nisingelia siku ile ya mashindano ya mbio.

Lakini Asha je? Hapo Maalim alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema hata Waarabu wenyewe wakizungumza mitaani ile hamza ya katikati huimeza. Halafu akasema neno nililolipenda kuliko yote: "asha" kwa Kiarabu, kwa ain na alif, ni kitenzi kizima, maana yake aliishi. Anayesema halina maana akasome sarufi kwanza. Nilitamani nimbusu mkono mara mbili.

Nikaikumbuka barua yako ya kwanza kutoka Maskati, ulipoalikwa chakula wakakwambia njoo ule "esh", ukaduwaa, kumbe ni wali. Mzizi ndio huo. Kwa Wamisri esh ni mkate. Kila mtu kaita uhai kile kinachomshibisha. Sisi tungekuwa na akili tungeuita ugali.

Bi Maalim akadakia kutoka jikoni. Mwaka waliokwenda hija, pale Madina safu moja ya wanawake ilikuwa na Mturuki Ayşe, Mhausa Aishatu, Msenegali Aïssatou na Msomali wanayemwita Asho. Wote somo, kila mmoja kaja na lake lilivyokatwa kwao. Na mwenye jina mwenyewe, Bi Aisha binti Abu Bakari, kalala hapo hapo, makaburi ya Baqii, tangu mwaka 58 wa Hijria. Mama wa Waumini, aliyepokewa hadithi zaidi ya 2,000! Ndiyo maana jina limetapakaa hivi. Na upande wa pili nao una maana yake: shuleni kwetu, kati ya wale rafiki zetu Waithnaasheri, yaani Mashia, ulimwona Aisha hata mmoja? Mambo ya Vita vya Ngamia, mwaka 656, Bi Aisha alipokabiliana na Ali, bado yanaamua watoto wa watu wasiitwe nini.

Darasani kwetu lakini tulijaa. Asha Mrefu, Asha wa Gofu, mimi, halafu wewe uliyejitia Aisha kwa sababu baba yako alikuwa karani. Mwalimu akiita Asha wanasimama watatu, wewe umekaa unatabasamu kama bibi harusi.

Hiyo Ayesha nayo nimeifuatilia. Ni mwandiko wa Wahindi na Wapakistani, na si mbaya, ni wao. Lakini kwa Wahindi ukisema Asha unaingia nyumba nyingine kabisa. Nilikwenda kununua kitambaa cha nepi, mama mwenye duka ni Mhindu, naye jina lake Asha, kama yule mwimbaji Asha Bhosle. Akaniambia kwao asha ni tumaini, linatoka Kisanskriti. Halina udugu na letu, yamekutana tu njiani. Basi nikatoka pale nina majina mawili kwa bei ya moja.

Nikampigia Zainabu nikamweleza yote, na nikamwongezea: Asha-Rose Migiro alikwenda New York mwaka 2007 kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na Asha yake hiyo hiyo, hakuna aliyemwambia abadilishe. Unajua alinijibu nini? "Lakini Mama, naye si wa zama zenu?" Nikakata simu. Nikajifanya salio limeisha.

Sasa nikuambie jambo, na libaki hapo hapo. Unakumbuka nilivyozungushwa na ofisi moja kwa sababu kitambulisho kinasema Asha na pasi inasema Aisha? Nikaenda kuapa mbele ya wakili kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja, na pesa nikalipa. Nilimlaumu karani dunia nzima. Si karani. Ni mimi. Fomu ya pasi niliijaza kwa mkono wangu, nikaona Aisha linapendeza zaidi kwa safari. Zainabu akilijua hilo sina pa kuuweka uso wangu.

Kwa hiyo si herufi zinazoniuma, somo. Nimekaa usiku nimelipekua hili na nimelijua. Mimi sikupewa jina la mtu. Wewe una la bibi yako mzaa baba, Asha Mrefu la shangazi yake. Mimi marehemu mama aliniambia nusu tu ya habari, tena mara moja, tunachambua mchele: kabla yangu walizikwa watatu, hakuna aliyefika arobaini. Nilipozaliwa mimi majirani pale Makorora wakataka niitwe Tabu. Wengine wakasema Mashaka, ili nisitamaniwe. Mtu mmoja akakataa, akasema huyu aitwe Asha, tumwambie cha kufanya. Akaja mgeni mlangoni, mama akanyamaza, na sikuuliza tena. Hivi ndivyo tulivyokuwa, hatuulizi.

Nilidhani wamesema jina kwa sababu lilikuwa la kila mtu. Kumbe walikuwa wananiamrisha! Ishi. Nami nikaishi. Halafu mtu ananiambia halina maana.

Nahisi aliyesema ni mama yako. Au bibi yako, lakini mama yako alikuwepo, ndiye aliyekuwa akimkanda mama. Kwa waliokuwepo amebaki yeye peke yake. Sasa ombi langu: kaa naye, usimharakishe, mtegee simu azungumze umrekodi, unitumie sauti. Nataka Zainabu amsikie kwa masikio yake, si mimi nimsimulie, maana mimi anaona nadai haki ya jina. Mkwe anasema mwisho wa mwezi anakwenda kushughulikia cheti cha kuzaliwa. Likishaingia kwenye cheti, unajua tena, kubadili ni kazi.

Wakishamsikia na bado wakataka Ayesha, basi. Nitazoea. Nimesema nitazoea, sijasema lini.

Haya, nieleze ya kwenu. Goti la mama linaendeleaje, bado anakataa fimbo? Anakumbuka vizuri, au siku nyingine anachanganya? Asubuhi ndiyo anakuwa vizuri au jioni? Kijana wako karudi kazini? Yule mkwe wako wa Sohar mlipatana? Na mwaka huu unakuja au utaniambia tena tiketi ghali? Ukija nitakupikia ile esh yenu, kwa nazi. Na hivi, wewe uliwahi kumuuliza bibi yako yeye alipewa jina la nani?

Wako,
Asha

Nimesahau: siku zote zile nikimwogesha mtoto, Zainabu kalala, nilikuwa namwita Asha sikioni. Usiseme.