Maghorofa ya vioo yasilifunike Boma la Kale

Mhariri,

Juzi nilisimama mbele ya Boma la Kale, Sokoine Drive, Dar es Salaam. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe ni za miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar. Nikapapasa mlango wa nakshi. Mbao bado ngumu kama jiwe. Nikainua macho: anga limebaki kipande tu kati ya vioo vya ofisi.

Sipingi maghorofa, watu wanahitaji ajira. Lakini kwa nini yabanane hapa hapa, jiji lote hili? Nawaomba sana wanaotoa vibali vya ujenzi waweke kikomo cha urefu kuzunguka majengo ya kale, kabla msingi mwingine haujachimbwa.

Msomaji wako,
Kariakoo