Barua kwa Rajabu kuhusu mtu wa tarbushi

Bombo, Uganda

Ndugu yangu Rajabu,

Asalaam aleykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Arua, na kwamba mvua imeshatuliza vumbi. Sisi huku Bombo wazima, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Iliyoniuma ni habari ya wale wazazi waliokuja kukuuliza, baada ya onyesho lako la siku ya kufunga shule, kama unafuga majini. Njiwa mmoja tu katoka kwenye kofia, na watu wazima wakaanza kusoma Ayatul Kursi! Unasema unafikiria kuacha mazingaombwe kabisa, ubaki na chaki yako. Nakusihi usikate shauri kabla ya kusikia habari za Tommy Cooper, mchekeshaji wa Uingereza aliyefanya mazingaombwe, yule mzungu mwenye tarbushi nyekundu niliyekuonyesha kwenye simu siku ya Iddi. Ulicheka hadi ukatokwa machozi, kisha ukaniuliza kama mtu yule aliwahi kufaulu jambo lolote. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, nikakujibu juu juu. Leo nataka kukujibu sawasawa.

Cooper alizaliwa Caerphilly, huko Wales, tarehe 19 Machi 1921, akakulia Exeter. Alipokuwa na miaka 8 shangazi yake alimpa sanduku la vifaa vya mazingaombwe, na tangu hapo hakuviweka chini. Akiwa kijana alikuwa mwanagenzi wa kuunda boti mahali paitwapo Hythe, akajitokeza kuwaburudisha wafanyakazi wenzake. Kila kitu kiliharibika. Chupa ya maziwa iliyopaswa kupinduliwa bila kumwaga tone ilimwaga maziwa yote. Woga ukamshika, lakini pale alipokuwa akitamani ardhi ipasuke aingie, watu walikuwa wanacheka. Rajabu, wengine wangeficha aibu hiyo maisha yao yote. Yeye aliijenga ikawa kazi.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, kikosi cha Horse Guards, baadaye akapelekwa Misri, na huko akawa katika kundi la kuwaburudisha askari. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja mjini Cairo alitakiwa avae kofia ngumu ya jua, akaisahau. Mhudumu akapita karibu yake na tarbushi kichwani, Cooper akanyoosha mkono, akaichukua, akaivaa. Ukumbi ukaangua kicheko, na hakuiacha tena mpaka siku ya kufa.

Wewe na mimi tumekulia katika nyumba zenye tarbushi. Babu zetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliivaa, na picha ya babu yangu bado ipo sebuleni kwetu, amekaza uso, tarbushi imesimama wima. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipomwona mzungu huyu nilitazama kwa makini: je, anaidhihaki? Nimetazama sana na nimeridhika kwamba hapana. Kinachochekesha ni yeye mwenyewe, jitu la zaidi ya futi 6 lenye viatu namba 13, mikono mikubwa isiyojua ikae wapi, kikohozi, na kicheko cha mtu anayetaka kukimbia. Tarbushi ndiyo kitu pekee mwilini mwake kilichotulia.

Huko huko Misri alikutana na Gwen, wakaoana Cyprus mwaka 1947. Mwaka huo akaacha jeshi, akaanza kuhangaika kwenye kumbi za London, na kufikia mwaka 1952 alikuwa na kipindi chake kwenye televisheni ya BBC. Miaka iliyofuata jina lake lilikua tu. Hayo si muhimu sana kwetu; nataka tukae kwenye namna alivyofanya kazi.

Chukua mchezo wake wa chupa na glasi. Vifaa ni vile vile unavyovijua: mikebe miwili, chupa moja, glasi moja, na kimoja kinahama kuchukua nafasi ya kingine. (Namna chupa zinavyoongezeka siiandiki hapa, barua hupotea njiani.) Mfanya mazingaombwe wa kawaida hufanya mchezo huu kwa madaha, kimya, watu wakabaki wameduwaa. Cooper aliufanya kama mtu aliyesahau katikati. Anataja “glasi, chupa”, anainua mkebe, chupa ipo mahali pabaya. Anageuza maneno haraka, “chupa, glasi”, anainua tena, sasa zipo mbili. Zinazidi, meza inajaa, yeye jasho linamtoka, na mdomo hausimami. Sasa fikiri kama fundi. Ili chupa zizidi kwa mpangilio ule, kila moja itokee katika sekunde yake huku akionekana amechanganyikiwa, lazima mikono iwe imezoea kabisa. Ndiyo maana alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha mafundi hasa cha London. Wenzake walijua kwamba anayeweza kukosea vizuri hivyo ameshajua kufanya vizuri.

Halafu kuna jambo ulilolikosa kwa sababu ya sinia la pilau. Baada ya kuharibu mara mbili, tatu, ghafla anafanya mchezo mmoja unaotimia. Bila kujigamba, kana kwamba umemponyoka. Mikono miwili mbele, vidole vimetanuka, na yale maneno yake yaliyojulikana Uingereza nzima, “Just like that”, yaani hivi hivi tu. Watazamaji wanapiga makofi kwa furaha ya kweli, kwa sababu kwa muda wote huo walikuwa wanamwombea afaulu.

Hapo ndipo nataka uangalie, mwalimu. Wazazi wako walikuogopa kwa sababu hukukosea hata mara moja. Ulisimama mbele yao mkamilifu, kimya, njiwa akatoka, wakatafuta maelezo, na maelezo yaliyo karibu kwetu unayajua. Ujanja usioonekana unatisha watu ambao wamesikia habari za wachawi tangu utotoni. Mtu anayedondosha karata, anayetafuta kijiko mfukoni na kutoa soksi, ambaye njiwa wake anachungulia kabla ya wakati, huyo hawezi kudhaniwa ana jini. Jini gani linamwacha bwana wake ahangaike hivyo? Watu wakishacheka, wameshaona kwamba ni mikono. Baada ya hapo ukitimiza mchezo wako mzuri wanaufurahia kama ufundi, na hakuna anayekimbilia kusoma aya.

Unaweza kusema hiyo ni tabia ya Waingereza, sisi hatutacheka mtu anayeshindwa. Si kweli. Mtazame Kansiime, mchekeshaji wetu: akikunja uso tu, kabla hajasema neno, ukumbi umeshaanguka. Waganda wanajua sana kumpenda mtu anayetaabika jukwaani kwa ajili yao.

Usidhani pia kwamba vichekesho vyake vilikuja vyenyewe. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilipata hazina ya karatasi zake, na ndani yake kulikuwa na kabati la mafaili ya vichekesho vilivyopangwa kwa alfabeti. Kile cha mchoro na fidla unakijua? Alikuta vitu viwili darini, akavipeleka kwa mtaalamu, akaambiwa kimoja ni Stradivarius na kingine ni Rembrandt (wa kwanza ni fundi maarufu wa fidla, wa pili mchoraji maarufu). Bahati mbaya Stradivarius alikuwa mchoraji mbovu na Rembrandt alitengeneza fidla za hovyo. Kisha mguu wake unapita katikati ya mchoro. Kichekesho chepesi kabisa kwa masikio, na nyuma yake kuna mtu aliyekuwa akiandika, akipanga na kurudia. Mimi humheshimu zaidi kwa lile kabati kuliko kwa tarbushi.

Kufa kwake sitaki kukuficha, maana utakutana nako. Pombe na sigara vilikuwa vimemla, na moyo ulishamshtua mwaka 1977 akiwa kazini Rome. Tarehe 15 Aprili 1984 alikuwa kwenye jukwaa la Her Majesty's Theatre, London, kipindi kikirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Msaidizi alikuwa amemvisha joho kubwa. Mpango ulikuwa atoe ndani yake vitu vingi vikubwa, vikipitishwa na mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Akaketi chini ghafla, mgongo kwenye pazia, akainama, akalala. Ukumbi ukacheka. Walicheka kwa sababu kwa miaka mingi aliwafundisha kwamba akianguka ni mchezo. Pazia likafungwa, wasanii waliofuata wakaendelea mbele yake huku yeye yupo nyuma. Alikuwa na miaka 63.

Kuna wanaosema ni kifo kizuri, kufa ukisikia kicheko. Mimi siwezi kusema hivyo. Mtu alihitaji kusaidiwa, na kazi yake mwenyewe ikawazuia waliompenda wasilione hilo. Kwa hiyo ukifuata njia yake, weka ishara na msaidizi wako, neno moja ambalo halimo kwenye mchezo, likitoka tu kila kitu kinasimama. Na pumzika, Rajabu. Kufundisha darasa lililofurika mchana na kufanya mazoezi ya karata usiku kucha si jambo la mwili mmoja.

Caerphilly walimjengea sanamu, ikazinduliwa mwaka 2008 na Anthony Hopkins, mwigizaji ambaye naye ni mtoto wa Wales. Mji mdogo, lakini ulimthamini mwanawe.

Sasa shauri langu. Muhula ujao omba onyesho jingine pale pale shuleni, mbele ya wazazi wale wale. Usilete njiwa kwanza. Anza na mikebe, ikukatae. Mwite mzazi mmoja, hasa yule aliyeuliza habari za majini, akushikie chupa, aone mwenyewe unavyohangaika. Njiwa aje mwisho. Mikebe ninayo, fundi wa bati hapa Bombo amenitengenezea, imepakwa rangi vizuri, na nitaituma kwa basi la Arua ukiniambia tu siku utakayokuwa stendi kuipokea. Tarbushi tumia yako, ya babu yako, kama mama ataruhusu.

Nisalimie shemeji na watoto, na mzee wako mwambie mguu wangu umepona, tutacheza bao.

Ndugu yako,
Saidi