Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024: Kuvuka Barabara ya Outer Ring, Nairobi

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwasomea taarifa ya furaha. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zilikuwa zimeshuka kutoka vifo vya barabarani 4,690 mwaka wa 2022 hadi 4,324 mwaka wa 2023, nami nikasimama mbele yenu nikatangaza kwamba tumeanza kuona matunda. Mzee mmoja aliyeketi kule nyuma akainua mkono: "Matunda ya nani, mwenyekiti? Sisi tulipanda nini?" Mkacheka, nami nikaruka hadi ajenda iliyofuata.

Mwaka huu mzee huyo nimemrudia. Mwaka wa 2024 barabara za Kenya ziliua watu 4,748. Ni watu 13 hivi kila siku, na ni idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote kati ya ile mitano iliyotangulia. Kwa hiyo niliyoyaita matunda yalikuwa maua tu, na upepo umeyapeperusha.

Naomba tuziangalie hizi hesabu kwa utulivu, maana kuna jambo ndani yake ambalo chama chetu kimekuwa kikilipita. Mwaka wa 2019 walikufa watu 3,586. Ukaja 2020, mwaka wa korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Shule zikafungwa, baa zikafungwa, wengi wetu tukakaa nyumbani bila kazi. Mtu yeyote angesema vifo vya barabarani vitapungua. Vilipanda, vikakaribia 4,000, na mwaka uliofuata vikafika 4,579. Magari yamepungua, wasafiri wamepungua, vifo vimeongezeka. Inakuwaje?

Wengine mnajua kwamba kabla ya kustaafu niliendesha matatu miaka 19, kwa hiyo hili nalijibu kama dereva. Msongamano wa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni ni adha, unakula mafuta na unakula akili, lakini hauui mtu. Gari linalotambaa likikugusa unapiga kofi kwenye boneti, mnatukanana, mnaachana. Kinachoua ni barabara iliyo wazi. Dereva akiona lami tupu mbele yake, mguu unashuka wenyewe. Na yule anayepaswa kumpelekea mwenye gari pesa kamili kila usiku hahesabu kilomita, anahesabu raundi. Siku za kafyu tulikuwa tukikimbizana na saa moja. Sijivunii, nawaeleza tu.

Kuna jambo la pili kuhusu hizi takwimu. Mtakumbuka ajali ya Londiani ya Juni 30, 2023, lori lilipoparamia watu sokoni kwenye makutano, wakafa 52. Nchi nzima ililia, na ilistahili kulia. Lakini piga hesabu: kwa kasi ya mwaka ule, watu 52 ni vifo vya siku nne na nusu hivi. Waliobaki walikufa mmoja hapa, wawili pale, bila bendera wala kamera. Hapa Nairobi wengi wao walikuwa wanatembea kwa miguu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwenye barabara za jiji letu hawamo ndani ya gari lolote. Wanatoka kazini, wanakwenda dukani, wanavuka kufuata matatu ya upande wa pili.

Hata hizo hesabu zenyewe tusizishike kama msahafu. Mwaka wa 2016 polisi waliandika vifo 2,965 nchini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka huohuo kwamba waliokufa ni 13,463, zaidi ya mara nne. Tofauti hiyo inatoka wapi, wenye ndugu waliolazwa wanajua. Mtu anagongwa, anaandikwa majeruhi kwenye kitabu cha matukio, anapelekwa hospitali, anakaa wodini wiki mbili, anafariki. Nani anarudi kituoni kufuta neno "majeruhi" na kuandika jingine?

Hili lilitupata sisi wenyewe mwezi wa Agosti. Mwenzetu aliyekuwa akipika chapati karibu na stejini aligongwa saa moja na nusu usiku, akivuka na sufuria ya maharagwe iliyofunikwa kwa kitambaa. Gari halikusimama. Nilifika baada ya dakika kumi hivi. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshamkimbiza hospitali, na mmoja wao alikuwa amebaki akimwaga mchanga juu ya lami ili pikipiki zisiteleze kwenye maharagwe. Sandali moja ilikuwa kwenye kingo ya katikati, nyingine hatukuiona tena. Mama huyo aliishi siku 16. Mwanawe alikwenda kituo cha polisi mara tatu kutafuta abstrakti, yaani hati ya polisi yenye muhtasari wa ajali, na kila alipofika afisa anayeshughulikia faili alikuwa ametoka. Alipoipata hatimaye, bado ilisema kwamba mama yake amejeruhiwa.

Katibu ameniomba niseme hapa mambo machache ya sheria kwa sababu familia nyingi huyajua zikiwa zimechelewa. Ukigongwa, hakikisha tukio limeandikwa na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe mapema, na abstrakti ya polisi itafutwe hata kama utarudishwa mara kumi. Bima ya lazima ya gari humlinda mtu wa nje aliyegongwa, ingawa kwa sheria yetu fidia inayolipwa na bima haipiti shilingi milioni tatu kwa dai moja. Kesi ya madai ifunguliwe kabla miaka mitatu haijaisha tangu siku ya ajali. Na kama gari limetoroka na hakuna aliyeshika nambari yake, hayo yote niliyoyataja huna pa kuyapeleka. Ndivyo ilivyo kwa kijana wa marehemu. Chama kilichanga tulichochanga, mweka hazina atasema.

Sasa nifike kwenye kosa letu. Nasema letu, lakini wazo lilikuwa langu na msukumo ulikuwa wangu.

Pesa nyingi za mradi mwaka wa 2024 ziliingia kwenye viakisi-mwanga na mabango. Tulinunua fulana za kung'aa tukawagawia wachuuzi, tukachapisha mabango mawili makubwa ya kuwahimiza watu wavuke kwa daraja la waenda kwa miguu: TUMIA DARAJA, OKOA MAISHA. Bango moja liliibwa wiki ya kwanza. La pili lipo hadi leo, linamkinga jua mama anayeuza mitumba, na limemkaa vizuri kuliko lilivyotukaa sisi. Fulana nimeziona kwa vijana wa mikokoteni, na hilo si baya. Lakini nani aliacha kuvuka chini kwa sababu ya bango letu? Sikumwona hata mmoja.

Baada ya mazishi nilikwenda kusimama pale alipogongwa, jioni ya siku ya kazi. Nilitaka kuwaona hao tunaowaita wakaidi. Msichana mwenye sare ya shule na mdogo wake mgongoni. Fundi na ngazi yake. Mama wawili wenye ndoo. Kila mmoja alilitazama daraja kwa mbali, akatazama magari, akatazama daraja tena. Nikaamua kulifuata mimi mwenyewe. Kufika hapo, kupanda, kushuka na kurudi mpaka mkabala wa nilipoanzia kulinichukua karibu dakika 14 na magoti yangu haya. Juu kulikuwa giza, na upande mmoja umejaa meza za viatu na chaja za simu mpaka mnapishana kwa ubavu. Vijana wawili walisimama kwenye ngazi bila kuuza chochote. Sikumwona mwanamke aliyepanda peke yake. Kuvuka chini, barabara ya njia mbili mbili, ni sekunde sita hadi kingo ya katikati na sita nyingine hadi ng'ambo.

Tukumbuke pia namna tulivyoletewa barabara hii. Outer Ring ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kilomita 13 kutoka Thika Road hadi Taj Mall, na magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya waenda kwa miguu hayajakamilika. Watu walijifunza kuvuka chini wakati hapakuwa na juu. Kisha tukaja sisi na bango.

Na huyo dereva? Tarehe 1 Februari 2024 ilitimia miaka 20 tangu sheria za matatu za waziri wa uchukuzi Michuki zianze kufanya kazi. Nazikumbuka kama jana. Mimi nikavaa sare ya buluu, kondakta wangu damu ya mzee, mstari wa manjano ukapakwa ubavuni, mikanda ikafungwa, na kidhibiti mwendo kikawekwa. Abiria waliokuwa wakining'inia mlangoni waliketi. Kwa muda, jamani, tulikuwa watu. Baadaye mafundi wakajua waya upi wa kugusa, na mengine mnayajua.

Lakini sikilizeni hili, nililielewa nikiwa nimeshaacha usukani. Kidhibiti kile kimewekwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Sheria ya trafiki inasema 50 ndani ya mji. Maana yake hata matatu yenye kidhibiti kizima, kisichoguswa na fundi yeyote, inaweza kupita mbele ya nyumba zetu ikiwa imezidisha kilomita 30 na mashine isilalamike. Kwa mwendo wa 50, dereva aliye macho, mwenye breki nzuri na lami kavu, husimama ndani ya mita 28 hivi. Kwa 80 anahitaji karibu mita 57. Taa za chini za gari humulika mita 40 hadi 60. Usiku, nguzo za taa zikiwa zimezima, dereva wa 80 anamwona mama mwenye sufuria akiwa ameshachelewa kusimama. Fulana ya kung'aa itamsaidia amwone mapema kidogo. Mwendo wa breki haitaufupisha.

Kwa hiyo kamati imeamua, na naomba mkutano uidhinishe, kwamba mwaka huu hatutachapisha bango lolote la kumwambia mwenda kwa miguu ajihadhari. Pesa na viatu vyetu vitaelekezwa kwa wenye barabara. Tunataka vivuko vya chini vilivyoinuliwa, vyenye matuta kabla yake, pale watu wanapovuka kwa kweli. Tunataka taa ziwake. Kuhusu taa tumeandika barua nne. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili, ya pili ikasema nyaya zimeibwa na suala ni la polisi, polisi wakatuuliza kama tumeziona zikiibwa. Nakala zote ziko kwa katibu.

Tusije tukaambiwa tunadai makuu. Kaunti ya Nairobi yenyewe ilipitisha mwaka wa 2015 sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, na humo iliahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itakwenda huko. Serikali ya kitaifa nayo ilizindua mpango wa usalama barabarani wa 2024 hadi 2028 hapo kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC tarehe 17 Aprili, wenye shabaha ya kupunguza vifo kwa nusu. Mwaka mpango huo ulipozinduliwa ndio ulioisha na vifo 4,748. Ahadi zipo kwenye karatasi zenye mihuri. Tutakwenda nazo mkononi.

Bodaboda nitawataja kwa ufupi, maana vijana wetu wana mkutano wao. Kofia moja ya dereva haitoshi, abiria naye ana kichwa. Na asanteni kwa yale ya Agosti.

Ibada ya kuwakumbuka waliokufa barabarani, Jumapili ya tatu ya Novemba, iliangukia tarehe 17 na walikuja wachache. Tutaitangaza mapema zaidi.

Jambo la mwisho ni daftari. Kuanzia Januari tumeanza kuandika wenyewe kila ajali kwenye kipande chetu: siku, saa, mahali hasa, aliyeumia alikuwa akifanya nini, taa ziliwaka au la. Kisha, na hili ndilo muhimu, baada ya siku 30 mtu wetu anaipigia familia simu kuuliza hali ya mgonjwa. Atakayelishika ni yule mzee wa maswali. Nilimwendea nyumbani kumwomba, akaniuliza kalamu itatoka wapi, nikamwachia ya kwangu.

Jumamosi hii wanakamati wote, na mwanachama yeyote mwenye nafasi, tukutane stejini saa kumi na mbili na nusu jioni. Tutapima kwa hatua kutoka pale watu wanapovuka hadi ngazi ya daraja, pande zote mbili, ili barua ya tano iwe na vipimo. Njooni na tochi.

Wenu,
Mwenyekiti