Moluska hatambuliwi kwa gamba lake

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa sayansi kuhusu moluska, yaani jamii ya konokono, chaza na pweza, imeandikwa kwa lugha nyepesi, na kwa hilo tunawashukuru. Lakini msingi wake ni mbovu. Imemwambia msomaji kwamba moluska ni mnyama laini mwenye gamba, kisha nusu nzima ya nafasi ikaenda kwenye maumbo ya magamba. Humo ndimo yalimozaliwa makosa mengine matatu: kwamba konokono akikua huhama na kutafuta gamba kubwa zaidi, kwamba lulu hutokana na punje ya mchanga, na kwamba ule mfuko mkubwa wa pweza ni kichwa chake. Sisi tunaofundisha bayolojia huyakuta makosa hayo kwenye madaftari ya wanafunzi kila mara, na yakishachapwa gazetini huwa magumu zaidi kuyang'oa. Tunaomba nafasi tuyasahihishe.

Gamba limewahi kuwahadaa hata mabingwa. Vile viumbe vyenye vijumba vya chokaa vinavyoganda kwenye miamba na kwenye matumbo ya meli vilihesabiwa kuwa moluska hadi mwaka 1830, mwanasayansi John Vaughan Thompson alipoonyesha kwamba watoto wao wanaoogelea ni wa jamii ya kaa na kamba. Kinyume chake, Teredo anayetoboa mbao za meli alidhaniwa kuwa mnyoo kwa sababu ni mrefu na laini, kumbe ni ndugu wa chaza ambaye gamba lake limebaki vipande viwili vidogo vya kuchimbia, huko mbele kabisa. Koa tunayemwona bustanini hana gamba la nje. Pweza hana la kuonekana. Na katika moluska zaidi ya 70,000 waliokwisha kupewa majina ya kisayansi, wapo wa baharini wanaofanana na minyoo, ambao badala ya gamba wana vijisindano vya chokaa tu ngozini.

Kwa hiyo anayetaka kumjua moluska aanze na joho. Hiyo ni ngozi ya mgongoni inayofunika viungo vya ndani na kushuka pembeni kama pindo. Mwili wenyewe una sehemu chache: kichwa, mguu wa misuli upande wa chini, na juu ya mguu fungu la viungo vya ndani, yaani tumbo, utumbo, tezi ya mmeng'enyo, viungo vya uzazi, figo na moyo. Joho hulifunika fungu hilo, na kati ya pindo la joho na mwili hubaki uwazi. Uwazi huo, ambao wachoraji wengi huuruka kwa kuwa hauna kitu cha kuchora, ndio wenye shughuli nyingi kuliko sehemu yoyote. Humo hukaa matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini. Humo hufunguka njia ya haja kubwa, matundu ya figo na, kwa wengi, njia za uzazi. Maji huingizwa upande mmoja kwa mapigo ya vinywele vidogo viitwavyo silia, hupita kwenye matamvua, kisha hutoka upande mwingine yakibeba taka. Damu ndani ya tamvua huenda mkondo wa kinyume na maji, ndiyo maana oksijeni huvutwa kwa wingi kuliko ambavyo ingevutwa kama vyote viwili vingekwenda uelekeo mmoja.

Ukishauelewa uwazi wa joho, makundi yote yanafunguka. Konokono wengi wa nchi kavu wamepoteza matamvua, na paa la uwazi huo limejaa mishipa ya damu likawa pafu. Mtazame koa akiwa ametulia juu ya jani bichi: nyuma kidogo ya kichwa ana kipande cha ngozi kilicho tofauti na mgongo mwingine, na hilo ndilo joho lake. Kwenye ukingo wa kulia wa kipande hicho kuna tundu la mviringo linalofunguka taratibu, likakaa wazi kitambo, kisha likajifunga hadi usione hata alama. Hewa huingilia hapo. Hewa ikiwa kavu tundu hufunguka kwa nadra zaidi, kwa sababu kila likifunguka mnyama hupoteza maji. Kwa chaza, matamvua yamekuwa mapana kupita kiasi na yanafanya kazi mbili, kupumua na kuchuja chakula. Kome mkubwa huchuja zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Kwa ngisi, kuta za joho zimekuwa misuli minene; zikijibana, maji hutoka kwa kasi kupitia neli iliyo chini ya kichwa, na mnyama husukumwa kuelekea upande wa pili.

Sasa tuje kwenye gamba, kwani nalo ni kazi ya joho. Ukingo wa joho hutoa kwanza utando wa nje wa protini, kisha tabaka la kalsiamu kaboneti chini yake. Uso mzima wa joho hutoa tabaka la ndani, ambalo kwa baadhi ya jamii hung'aa kama lulu. Ndiyo sababu gamba hurefuka ukingoni tu, lakini hunenepa kutoka ndani. Ndiyo sababu pia konokono aliyevunjika ukingo wa gamba hulirekebisha, na kovu lake huonekana kama mstari uliopinda, ilhali tundu lililo mbali na ukingo huzibwa kwa ndani na kiraka kisicho na rangi wala michoro ya awali.

Konokono hahami. Gamba ni sehemu ya mwili wake, na msuli imara umemshikiza kwenye nguzo ya katikati ya gamba. Ukimng'oa kwa nguvu unachana msuli huo na joho lenyewe, na atakufa. Anayehama ni aina ya kaa mwenye tumbo laini asiye na gamba lake mwenyewe, ambaye huazima magamba matupu ya konokono. Picha iliyochapishwa pamoja na makala yenu ilimwonyesha kaa huyo. Tazameni miguu yake: ina maungo, na hakuna moluska mwenye mguu wa maungo.

Lulu nayo ni joho. Kinachohitajika ni chembe hai za ngozi ya nje ya joho kuingia ndani ya mwili wa chaza, pengine kwa sababu ya kimelea au jeraha. Chembe hizo hujizungusha zikawa kifuko na kuendelea na kazi yake ya kawaida ya kutoa tabaka la kung'aa, safari hii kukizunguka kilichomo. Wafugaji wa lulu huchukua kipande kidogo cha joho la chaza mmoja na kukipandikiza kwa mwingine, mara nyingi pamoja na ushanga uliochongwa kutoka gamba. Ushanga ukitiwa mwilini bila kipande cha joho hautapata lulu. Mchanga peke yake, ambao chaza hukutana nao kila siku, hutemwa tu.

Kuhusu konokono kuna jambo ambalo makala haikuligusa, na kwetu ndilo la ajabu kuliko yote. Akiwa bado kichanga, fungu lake la viungo vya ndani hujizungusha nyuzi 180 juu ya mguu. Kwa baadhi ya jamii mzunguko huo hukamilika kwa saa chache, kwa nyingine huchukua siku. Uwazi wa joho uliokuwa nyuma unajikuta mbele, juu ya kichwa, na njia ya haja kubwa nayo hapo hapo. Neva mbili ndefu zilizokuwa sambamba hupishana zikawa umbo la tarakimu 8. Tatizo la taka kumwagika karibu na kichwa limetatuliwa kwa njia mbalimbali: konokono wa bahari aitwaye abaloni ana mstari wa matundu kwenye gamba ambamo maji machafu hutokea, na wengi wengine wamebaki na tamvua moja tu, maji yakiingia kushoto na kutoka kulia. Mzunguko huu usichanganywe na msokoto wa gamba. Wapo wenye gamba la mfano wa kofia, lisilosokotwa hata kidogo, ambao miili yao imezunguka vilevile.

Uelekeo wa msokoto unapimwa hivi: shika gamba ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, ni wa kulia, kama walivyo wengi. Kwa konokono wa majini aitwaye Lymnaea, uelekeo huo huamuliwa na jeni za mama, si za mtoto mwenyewe.

Mdomoni, moluska wengi wana radula, yaani utepe wa kitini (kitu kigumu kama kile cha ganda la mdudu) uliopangwa meno safu kwa safu, unaopita juu ya kiungo kinachofanana na ulimi. Meno ya mbele huchakaa na kung'oka, mapya hutengenezwa nyuma na kusogea mbele. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliripoti kwamba meno ya konokono wenye gamba la mfano wa kofia, yaliyoimarishwa kwa nyuzi nyembamba mno za madini ya chuma, yalistahimili mvutano kuliko kitu chochote cha kibayolojia kilichokuwa kimepimwa hadi wakati huo. Chaza hana radula, wala hana kichwa.

Damu ya wengi wao hubeba oksijeni kwa himosianini, protini yenye shaba, na hugeuka samawati ikipata oksijeni. Moyo huwa ndani ya kifuko chake, na damu humwagika kwenye nafasi zilizo kati ya viungo badala ya kubaki mishipani. Jamii ya pweza ni tofauti. Damu yao hubaki mishipani, na wana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa mwili mzima.

Huyo pweza ndiye aliyeonewa zaidi na mchoro wenu. Mfuko mkubwa mlioandika "kichwa" ni joho likiwa limefunika tumbo, mioyo, matamvua na viungo vya uzazi. Kichwa ni ile sehemu fupi yenye macho, kati ya mfuko na mikono. Mdomo upo chini, katikati ya mikono minane, na una domo gumu la kitini lenye vipande viwili. Koo la chakula hupita katikati ya ubongo, hivyo mawindo lazima yakatwe vipande vidogo kwanza. Ngisi ana mikono minane pia, na zaidi ya hiyo minyiri miwili mirefu ya kunasia.

Kwa walimu watakaotaka kuyaonyesha haya darasani, gamba tupu la kombe linatosha kuanzia. Ndani yake kuna makovu mawili ya misuli ya kufungia, na mstari hafifu unaoyaunganisha, ambapo joho lilishikana na gamba. Mstari ukiingia ndani kama ghuba, hapo ndipo neli zake za kuingiza na kutoa maji zilipokuwa zikirudishwa, na huo ni upande wa nyuma. Kome ana kovu la mbele dogo sana, na chaza wa lulu aliyekomaa ana kovu moja kubwa tu.

Kombe akiwa hai, msuli hufunga na kano ya bawabani hufungua. Kano hiyo imekazwa muda wote, kwa hiyo msuli ukilegea, hata kwa kifo, vipande huachana vyenyewe. Msitumie nguvu kumbandua. Yeyusheni gramu 75 za kloridi ya magnesiamu, ile ya fuwele zenye maji, katika maji baridi yanayotosha kufikisha lita moja, changanyeni nusu kwa nusu na maji ya bahari, mumweke humo hadi alegee. Pitisheni kisu chembamba kikiegemea gamba la upande mmoja, mkate msuli wa nyuma na wa mbele. Kisu kikizama katikati kitachana matamvua, na hamtaona mkondo wa maji ulikopita. Konokono wa bahari naye alegezwe hivyo hivyo kabla ya kutiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70. Akitiwa moja kwa moja hujikunja ndani na hatoki tena. Formalini isitumike kuhifadhi gamba kwa muda mrefu, kwani huchachuka na kulila.

Ngisi alazwe neli ikitazama juu. Pasueni joho kwa mkasi kuanzia ukingoni karibu na neli hadi ncha ya nyuma, mkiinua ncha ya mkasi ili isiguse kitu chini. Kifuko chembamba cha rangi ya fedha kilicho katikati ni cha wino. Kikipasuka, msiendelee kukata: suuzeni uwazi wote kwa maji mengi baridi, kaushieni kwa pamba, ndipo mtafute mioyo midogo miwili, kila mmoja kwenye shina la tamvua lake.

Wenu,
Walimu wa bayolojia